Umehifadhi Wapi? Kuhusu Kujifunza Kompyuta Chuoni

Mafunzo mengi ya kompyuta kwa wanafunzi wa mwaka wa kwanza huanza na maelezo ya kukariri: kompyuta ni nini, ina vizazi vingapi, vifaa vya kuingizia data ni vipi na vya kutolea ni vipi. Mwanafunzi hukariri kwamba kizazi cha kwanza kilitumia vali na cha pili kikatumia transista, huyaandika hayo katika karatasi ya mtihani, hupata alama nzuri, kisha hutoka nje akashindwa kuambatisha barua ya maombi ya kazi kwenye barua pepe. Nimefundisha somo hili kwa miaka kadhaa, na kadiri ninavyoendelea ndivyo ninavyozidi kuamini kwamba tunaanzia mahali pasipofaa. Ujuzi wa msingi wa kompyuta unazunguka maswali mawili: kazi yako iko wapi, na kompyuta inaichukulia kazi hiyo kuwa kitu gani. Anayeweza kuyajibu atajifunza programu yoyote atakayokutana nayo baadaye, hata kama vitufe vyake vimehamishwa na rangi zake zimebadilishwa. Asiyeweza kuyajibu atabaki akimtegemea rafiki wa kumwonyesha pa kubofya.

Wanafunzi wanaofika chuoni siku hizi si wageni wa teknolojia. Wamekua na simu mkononi, wanaandika kwa vidole gumba kwa kasi ambayo mimi siiwezi, na wengi wao wamekwisha kuhariri video kabla ya kugusa kibodi halisi. Lakini simu imeundwa ili mtumiaji asisumbuke na mafaili. Picha hukaa ndani ya programu ya picha, ujumbe hukaa ndani ya programu ya ujumbe, na wimbo hukaa ndani ya programu ya muziki. Hakuna mahali ambapo mtu analazimika kufahamu kwamba ile picha ni faili lenye jina na ukubwa, na kwamba limewekwa ndani ya folda fulani. Kwa matumizi ya simu uficho huo ni jambo jema. Shida huanza pale mwanafunzi anapoketi mbele ya kompyuta ya maabara, akaandika insha, nami nikamwuliza amehifadhi wapi. Jibu ninalolipata mara nyingi ni hili: "Kwenye Word, Mwalimu."

Jibu hilo halichekeshi, kwa kuwa linafuata mantiki ya simu barabara: kilichotengenezwa ndani ya programu hukaa ndani ya programu. Kwenye kompyuta mambo hayaendi hivyo. Word ni chombo cha kuandikia, nayo insha ni faili linalojitegemea, ambalo linaweza kuhamishwa, kunakiliwa, kubadilishwa jina, kutumwa au kufunguliwa kwa programu nyingine kabisa. Mwanafunzi akilielewa hilo katika wiki ya kwanza, nusu ya maswali yake ya muhula mzima hujijibu yenyewe.

Kuna tukio moja ninaloliona kila muhula, nalo linastahili kuelezwa hatua kwa hatua kwa sababu limewagharimu wengi usiku wa kuamkia siku ya kukusanya kazi. Mwanafunzi hupokea kwa barua pepe faili ambalo mwenzake ameanza kuliandika. Hulibofya palepale ndani ya barua, nalo hufunguka. Juu yake hutokea utepe wa manjano unaomwonya kwamba faili limetoka kwenye intaneti na haliwezi kuhaririwa mpaka aruhusu. Huruhusu, huandika kwa saa mbili, hubonyeza Ctrl na S kila baada ya aya kama alivyofundishwa, kisha hufunga kila kitu na kwenda kulala akiwa na amani. Asubuhi hurudi kwenye ile barua pepe, hubofya faili lilelile, na hulikuta kama lilivyokuwa jana. Hakuna kilichoharibika. Kiambatisho kilichomo ndani ya barua hakibadiliki kamwe. Alichokifanyia kazi ni nakala ambayo programu ya barua pepe iliiweka katika folda ya muda, au ambayo kivinjari kiliiweka katika folda ya vipakuliwa. Kazi yake ipo, ila ipo mahali ambapo hakupachagua. Mara nyingi ninampelekea kishale kwenye orodha ya mafaili yaliyofunguliwa karibuni ndani ya Word, tunalifungua lile la jana usiku, tunalihifadhi upya ndani ya folda yake, na rangi ya uso wake inarudi. Folda za muda, hata hivyo, husafishwa, kwa hiyo si kila mara tunawahi. Mafaili yaliyobanwa ndani ya faili la zip yana mtego uleule: ukilifungua moja kabla ya kulitoa ndani ya mfuko wake, unaifanyia kazi nakala ya muda.

Hapo ndipo ninapoona inafaa kueleza aina mbili za kumbukumbu, kwa kuwa sasa maelezo yana mahali pa kushika. Unachokiandika huwa kwanza katika kumbukumbu ya muda, ambayo ni ya kasi sana lakini hupoteza kila kitu umeme ukikatika. Kuhifadhi ni kukihamishia kwenye diski, ambako kitabaki hata kompyuta ikizimwa. Programu za kisasa hujaribu kuhifadhi zenyewe kila baada ya muda, na nyingine huandika moja kwa moja kwenye hifadhi ya mtandaoni. Hilo ni msaada mkubwa, ingawa limeongeza sehemu moja zaidi ya kuuliza: je, faili liko kwenye diski ya kompyuta hii, liko kwenye akaunti yako ya mtandaoni, au liko kote kuwili? Anayefikiri liko kote kuwili, kumbe liko kwenye akaunti pekee, atagundua tofauti siku intaneti itakapokosekana.

Flashi nayo ina adabu zake. Kompyuta inaweza kuonyesha kwamba imemaliza kunakili ilhali bado inamalizia kuandika, na ndiyo maana kuna amri ya kuiondoa kwa usalama kabla ya kuichomoa. Tena, faili lililofutwa kwenye flashi kwa kawaida haliendi kwenye pipa la taka la Windows. Limeondoka moja kwa moja. Wanafunzi hushangaa pia wanapoona diski iliyouzwa kama ya gigabaiti 500 ikionyesha takriban 465 ndani ya Windows, wakadhani wameibiwa. Mtengenezaji huhesabu gigabaiti moja kuwa baiti bilioni moja, nayo Windows huhesabu kwa kuzidisha 1,024 mara tatu. Diski ni ileile, vipimo ndivyo viwili.

Kuhusu majina ya mafaili sitasema mengi. Faili linaloitwa "Document1" au "kazi mpya mwisho kabisa" litamsumbua mwenyewe kabla halijamsumbua mhadhiri. Jina la somo, jina la kazi na tarehe iliyoandikwa kwa kuanza na mwaka vinatosha, na mafaili yatajipanga yenyewe kwa mfuatano wa siku. Sehemu inayonivutia zaidi ni ile inayofuata nukta ya mwisho, yaani kiendelezi, kwa maana hapo ndipo swali la pili linapoingia: kompyuta inaichukulia kazi hii kuwa kitu gani. Windows, kama inavyowekwa tangu mwanzo, huficha viendelezi ili kumpunguzia mtumiaji kero, na gharama ya uficho huo ilionekana wazi Mei 2000, pale kirusi kilichojulikana kama ILOVEYOU kilipoenea kwa barua pepe na kuingia katika mamilioni ya kompyuta duniani. Kiambatisho chake kiliitwa LOVE-LETTER-FOR-YOU.TXT.vbs. Watu wengi waliona jina likiishia kwenye TXT, wakaamini ni maandishi matupu, wakalifungua. Kumbe herufi tatu zilizofichwa zilikuwa zinasema kwamba hiyo ni programu ya kuendeshwa. Kwa hiyo mojawapo ya mambo ya kwanza ninayowaagiza wanafunzi wafanye kwenye kompyuta zao wenyewe ni kuingia katika mipangilio ya mwonekano wa folda na kuamuru viendelezi vionekane. Inachukua muda mfupi kuliko kuisoma aya hii.

Uchapaji wa vidole kumi nauheshimu, lakini siupi wiki nyingi. Mpangilio wa herufi tunaoutumia ulitokana na mashine ya kuchapa ya Christopher Latham Sholes katika miaka ya 1870, na hakuna aliyewahi kuujifunza kwa kuusikiliza mhadhara. Pachika vidole vya shahada kwenye F na J, ambako kuna vinundu vya kupapasa, zuia macho yasishuke, na fanya mazoezi kidogo kila siku kwa programu za bure zilizojaa mtandaoni. Njia za mkato ndizo ninazozikazania: Ctrl na C kunakili, X kukata, V kubandika, Z kutengua. Kukata, kunakili na kubandika kwa namna tunayoijua leo ni matunda ya kazi ya Larry Tesler na wenzake katika kituo cha utafiti cha Xerox huko California katika miaka ya 1970, naye Tesler alifariki dunia mwaka 2020 akiwa amewarahisishia maisha watu wasiojua hata jina lake. Hapa pia huuliza swali langu: ukishanakili, maneno yako wapi? Yamo katika ubao wa kunakilia, ambao kwa kawaida hubeba kitu kimoja, na ukinakili kingine kile cha kwanza kimefutika. Mwanafunzi aliyekata kurasa tatu, akanakili neno moja njiani, kisha akabandika, hulielewa jambo hilo mara moja tu na halisahau. Ctrl na Z humwokoa asipofunga faili.

Katika uandishi wa nyaraka, jambo ninalolionyesha mapema kuliko yote ni alama zilizofichika. Ndani ya Word kuna kitufe chenye alama ya aya inayofanana na herufi P iliyogeuzwa. Ukikibofya, kila nafasi huonekana kama kitone na kila mwisho wa aya huonekana kama alama hiyo. Ninachukua waraka wa mwanafunzi ambao kwa macho umependeza, kichwa kiko katikati na sura ya pili inaanza juu ya ukurasa, kisha ninakibofya. Skrini hujaa vitone: kichwa kimesogezwa katikati kwa kubonyeza nafasi, na sura ya pili imesukumwa ukurasa unaofuata kwa kubonyeza Enter mara nyingi. Ninaongeza sentensi moja katika sura ya kwanza na waraka wote unaporomoka. Binadamu aliona kichwa cha habari. Kompyuta iliona aya ya kawaida iliyotanguliwa na nafasi tupu. Baada ya hapo hakuna anayehitaji kushawishiwa kwamba Ctrl na Enter hukata ukurasa, au kwamba kichwa kinapaswa kupewa mtindo wa kichwa badala ya kunenepeshwa herufi tu. Faida yake kubwa huja mwishoni, kwa kuwa vichwa vikishajulikana kwa kompyuta kuwa ni vichwa, orodha ya yaliyomo hujitengeneza yenyewe pamoja na namba za kurasa, na mwanafunzi wa mwaka wa mwisho mwenye tasnifu ndefu huokoa usiku mzima.

Kwa anayeandika Kiswahili kuna la ziada. Programu ikidhani waraka ni wa Kiingereza, karibu kila neno litapigiwa mstari mwekundu, na mbaya zaidi, baadhi ya maneno yatasahihishwa kuwa Kiingereza bila kuomba ruhusa. Dawa ni kuuchagua waraka wote na kuitajia programu kwamba lugha ni Kiswahili, au, kama kamusi ya Kiswahili haimo, kuiambia isikague tahajia. Ile alama ya ng' nayo mara nyingine hugeuzwa kuwa alama ya nukuu iliyopinda. Ni mambo madogo, lakini mwalimu anayesahihisha kazi huyaona.

Sasa nije kwenye lahajedwali, yaani jedwali la kukokotolea kama la Excel, ambako maswali yangu mawili yanakolea kuliko popote. Tangu VisiCalc, programu ya lahajedwali ya Dan Bricklin na Bob Frankston, ilipotoka mwaka 1979, wazo limebaki lilelile: kisanduku kinaweza kubeba thamani au kubeba hesabu, na hesabu hiyo hujirekebisha yenyewe thamani inapobadilika. Mwanafunzi akiwa na alama za majaribio katika safu B na za mtihani katika safu C, huandika =B2*0.4+C2*0.6 mara moja, huivuta fomula chini, na darasa zima limehesabiwa. Nimewaona wengine wakihesabu jibu kwa kikokotoo cha simu na kuliandika ndani ya Excel kwa mkono, kisanduku baada ya kisanduku. Alama moja ikirekebishwa, jibu lake linabaki la zamani na halitoi dalili yoyote ya kwamba limekwisha kuwa la uongo.

Kigumu zaidi ni kukubali kwamba kisanduku huonyesha kitu kimoja huku kikiwa kimebeba kingine. Andika namba ya simu inayoanza na sifuri na sifuri itatoweka, kwa sababu Excel imeichukulia kuwa idadi, na idadi haihitaji sifuri mbele. Andika namba ya kitambulisho yenye tarakimu zaidi ya 15 na zile za mwisho zitageuka kuwa sifuri, na hazirudi tena. Tarehe nazo ni namba zilizovaa nguo za tarehe: Excel ya Windows huanza kuhesabu siku kutoka 1 Januari 1900, kwa hiyo 1 Januari 2025 kwake ni 45658, na ndiyo maana mtu akibadilisha muundo wa kisanduku kwa bahati mbaya hukuta tarehe yake ya kuzaliwa imekuwa namba ya ajabu. Tiba ya namba za simu na vitambulisho ni kuipa safu muundo wa maandishi kabla ya kuanza kuandika. Nasisitiza kabla, kwa maana ukiubadilisha muundo baadaye, sifuri zilizopotea haziwezi kufufuka.

Wanafunzi hudhani haya ni makosa ya wanaoanza. Ndipo ninapowasimulia mambo mawili ya mwaka 2020. Kamati ya kimataifa inayosimamia majina ya jeni za binadamu ilibadilisha majina ya baadhi ya jeni, kwa mfano MARCH1 ikawa MARCHF1 na SEPT1 ikawa SEPTIN1, kwa sababu kwa miaka mingi Excel ilikuwa inayageuza majina hayo kuwa tarehe katika majedwali ya wanasayansi. Mwaka huohuo, Uingereza ilichelewa kuripoti wagonjwa 15,841 wa UVIKO-19, na chanzo kilichoelezwa ni matumizi ya muundo wa zamani wa faili la Excel, wa xls, ambao hauwezi kubeba zaidi ya mistari 65,536. Muundo wa sasa wa xlsx hubeba mistari 1,048,576. Data iliyozidi haikuingia, na watu waliokuwa wamekutana na wagonjwa hao wakachelewa kutafutwa. Hakuna aliyeuliza kama jedwali lilikuwa limepokea yote lililopewa. Herufi moja ya ziada mwishoni mwa kiendelezi ilikuwa na uzito mkubwa kuliko mtu angedhani.

Upande wa intaneti, swali la "iko wapi" linageuka kuwa "imetoka wapi". Vyuo vingi huwapa wanafunzi orodha ya kukagulia tovuti: je, ina jina la mwandishi, ina tarehe, ina mwonekano wa kitaalamu? Orodha ya namna hiyo siipendi, kwa kuwa mdanganyifu naye anaijua na anaweza kuitimiza yote. Sam Wineburg na Sarah McGrew wa Chuo Kikuu cha Stanford waliwatazama watu 45 wakikagua tovuti: wanahistoria wenye shahada za uzamivu, wahakiki wa habari wa kitaaluma, na wanafunzi wa shahada ya kwanza. Wanahistoria na wanafunzi walielekea kubaki ndani ya tovuti wakiisoma kwa makini kutoka juu hadi chini, na mara nyingi walinaswa na nembo nzuri na jina la kuvutia. Wahakiki waliondoka karibu mara moja; walifungua vichupo vipya na kutafuta wengine wanasema nini kuhusu mmiliki wa tovuti hiyo, wakafikia uamuzi sahihi zaidi kwa muda mfupi zaidi. Nalifanya zoezi hilo darasani kwa kuwakataza wanafunzi wasisome zaidi ya aya moja kabla ya kutoka kwenda kuulizia nje. Wale wenye bidii ya kusoma ndio huteseka nalo zaidi.

Anwani ya tovuti nayo inasomwa kwa utaratibu wake. Jina la mwenyewe ni lile lililo karibu kabisa na mkwaju (/) wa kwanza baada ya jina, na husomwa kutoka kulia. Kiungo kinachoanza na mkopo.chuo.com.example.net hakina uhusiano wowote na chuo. Mwenyewe ni example.net, na yote yaliyotangulia ameyaandika anavyotaka. Alama ya kufuli, ambayo wengi waliambiwa ndiyo ithibati ya uaminifu, huonyesha tu kwamba mawasiliano kati yako na tovuti hiyo yamesimbwa. Unaweza kuwa unazungumza kwa siri kubwa na mwizi.

Kuhusu nywila, mwongozo wa taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, uliotolewa mwaka 2017, ulikwenda kinyume na mazoea ya ofisi nyingi: urefu uthaminiwe kuliko vikorombwezo vya alama, na watu wasilazimishwe kubadilisha nywila kila baada ya muda bila sababu. Maneno manne yasiyohusiana, yasiyotoka kwenye methali wala wimbo, yanakumbukika kirahisi na ni magumu kubahatisha. Kila akaunti iwe na nywila yake, na barua pepe iwekewe uthibitisho wa hatua mbili kabla ya akaunti nyingine yoyote, kwa sababu anayeshika barua pepe yako anaweza kuomba nywila mpya za kila kitu kingine. Kwenye kompyuta za maabara kuna jambo dogo zaidi linalosababisha madhara zaidi: kulifunga dirisha si kutoka kwenye akaunti. Nimewahi kukaa kwenye kompyuta ya maabara, nikafungua kivinjari, nikakaribishwa kwa jina la mwanafunzi nisiyemjua, na barua zake zote zikiwa wazi mbele yangu. Nilimtoa nikaendelea na yangu, lakini aliyekaa pale baada yangu angeweza kuwa mtu wa namna nyingine.

Barua pepe yenyewe haihitaji somo refu. Andika kichwa kinachosema jambo lenyewe, msalimu unayemwandikia kwa cheo chake, jitaje na utaje darasa lako, na ambatisha faili kabla ya kuandika maneno, ili usije ukatuma barua isemayo "naambatisha" isiyo na kitu. Ukiwaandikia watu wengi wasiojuana, anwani zao ziweke kwenye nafasi ya nakala fiche (Bcc), ili wasionane. Orodha ya anwani za darasa zima ikishatoka, hairudishwi.

Akili mnemba imeingia kwenye somo hili bila kusubiri mtaala. ChatGPT ilitolewa kwa umma Novemba 2022, na katika Juni 2023 tayari mahakama moja ya New York ilikuwa imewatoza mawakili faini ya dola 5,000 kwa kuwasilisha hukumu za kesi ambazo programu hiyo ilizibuni. Sipingi mwanafunzi kuitumia. Inaeleza fomula ya Excel vizuri na kwa subira ambayo mimi huniishia kufikia saa kumi jioni. Ninachomtaka aelewe ni namna inavyofanya kazi: hupanga maneno kwa kufuata uwezekano wa neno moja kulifuata jingine, na marejeo ya kubuni hutoka na sura ileile ya marejeo ya kweli, pamoja na mwaka na namba za kurasa. Kwa hiyo kila rejeo alitafute kwenye katalogi ya maktaba kabla ya kuliandika. Fomula, kwa upande wake, inaweza kujaribiwa palepale kwa mistari mitatu ambayo jibu lake analijua tayari.

Kutokana na yote hayo, niliacha kutahini kwa maswali ya kutaja sehemu za kompyuta. Mtihani wangu sasa hutumwa kwa barua pepe kama faili la zip lenye waraka uliochafuliwa nafasi na Enter, orodha ya majina na namba za simu isiyo na muundo, na kiungo cha tovuti cha kukaguliwa. Mwanafunzi anatakiwa kuyatoa mafaili, kuyapanga katika folda yenye jina linaloeleweka, kuusafisha waraka na kuutengenezea yaliyomo, kuiingiza orodha kwenye lahajedwali bila kupoteza sifuri hata moja, kuandika aya kuhusu mmiliki wa tovuti, na kurudisha kila kitu kwa barua pepe moja. Muda ukifika nusu, naagiza kila mtu atoke kwenye akaunti zake, ahamie kompyuta ya jirani, na aendelee pale alipoishia. Hilo hulitangaza wiki nzima kabla, ili lisimshtue mtu, na wapo wenzangu wanaoona kwamba bado ni ukali usio wa lazima. Mimi nimelibakiza, kwa sababu sijapata swali la kuandikwa kwenye karatasi linalonionyesha kwa uwazi huo ni nani anayejua kazi yake iko wapi.